Tapsubei Hawezi Kula Peke Yake

Pale Langas, ukitaka kujua nani ameposwa, nani ameachika na nani amenunua shamba Kesses bila kumwambia mkewe, hupigi simu. Unaenda kusukwa kwa Wanja. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na ukuta uliokuwa kati ya saluni na sebule ulibomolewa miaka mingi iliyopita ili habari zisipate taabu ya kupitia mlangoni. Kutwa nyumba hujaa. Huyu yuko chini ya draya, yule anangoja zamu, mwingine hakuja kusukwa kabisa, amekuja tu kuketi. Nasambu, anayesuka naye huu mwaka wa tisa, husema nyumba ya Wanja ikipungua watu saba, basi kuna matanga mahali.

Ndimo humo alimofikia Kogo Chepkirui mwezi wa kwanza, baada ya kumzika mumewe, Mzee Kigen, kule kijijini Ziwa. Kwa Wanja alikuwa mama mkwe, lakini watoto walizoea kumwita Kogo, yaani nyanya, na jina likawashika wote hadi wateja. Alikuja na mkoba mmoja. Alisema wiki mbili. Alitoa leso, akatoa Biblia, akafunga zipu tena, na mkoba ukabaki umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake kama mtu anayengoja kuitwa.

Wanja alijua kuusoma mkoba ule. Kule Ziwa, kwenye ukuta wa jikoni, Kogo alikuwa ameacha vibuyu vyake vitano vya mursik, vile alivyokuwa akivisafisha kwa mkaa wa kijiti na kuvijaza maziwa ya kulala tangu akiwa bibi harusi. Mwanamke wa kule akihama, kibuyu humtangulia. Kibuyu kikibaki, yeye ni mgeni, hata akikaa mwaka.

Lakini mkoba haukuwa ndio hofu yenyewe. Hofu ilikuwa sahani. Kila saa sita Wanja alimwandalia Kogo kabla ya mtu mwingine yeyote, mezani, chumba cha ndani, kwenye sahani yenye maua ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Alimnawisha mikono, akavuta mlango taratibu ili kelele za saluni zisimsumbue mzee wa watu. Akirudi, ugali ulikuwa umemegwa mara mbili tu.

"Nimeshiba, mtoto wangu."

Mabega ya Kogo yalikuwa yakizidi kujitokeza chini ya sweta. Na sasa wiki mbili zilikuwa zimegeuka miezi miwili, mvua ilikuwa inanukia, na Kogo alikuwa ametaja siku: Jumamosi hii, mwanawe Kipyego akienda kuchukua maziwa na pikapu, atamrudisha Ziwa awahi kupanda. Ekari tano, ng'ombe mmoja, na ubaridi ule wa asubuhi unaopasua midomo. Kule hata hayo matonge mawili nani angeyahesabu?

"Mwambie akae," Wanja alimwomba mumewe.

"Wewe umeishi naye," Kipyego akasema akivua viatu. "Umewahi kumwona akiambiwa?"

Naye Wanja, mke wa mwana, angemwambiaje? Mkaza mwana hamkatazi mama mkwe njia. Anaweza kumfungia chakula cha safari, basi.

*

Samaki alionekana Jumatatu.

Tangi la kioo lilikuwa kando ya dirisha tangu mwaka uliopita. Wanja alilinunua kwa hoteli moja iliyokuwa ikifunga, likiwa na samaki wekundu sita, ili wateja wapate cha kutazama umeme ukipotea. Wale wekundu walikufa wakifuatana hadi Krismasi, na maji yakabaki yakigeuka kijani polepole. Jumatatu hiyo, kwa kuwa wateja walikuwa wachache, Wanja akaamua kulikausha tangi aweke wigi ndani. Nasambu akashika kopo, akaanza kuchota.

"Ngojeni," Kogo akasema kutoka kitini. "Kuna mtu humo."

Walicheka, kisha wakaangalia. Chini ya jiwe kubwa, palipobaki maji ya kiganja kimoja, kitu kilisogea. Kilikuwa samaki wa urefu wa kidole cha mwisho. Rangi yake ilikuwa ya jivu, na juu yake madoa meusi kana kwamba mtu alikung'uta kalamu ya wino. Ubavuni alikuwa na vibati vilivyopandana mistari miwili, kama paa la nyumba ndogo. Chini ya mdomo zilining'inia ndevu fupifupi.

Kogo aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Huyo ni mwanamke aliyezeeka bila kuonja samaki hata siku moja. Kwa Wanandi wa rika lake, samaki ni nyoka wa majini, na nyoka hapikwi.

"Amenikonyeza," akasema.

"Kogo, samaki hana kope," Nasambu akasema.

"Sikusema ana kope. Nimesema amenikonyeza."

Wanja naye akainama. Samaki alikaa kimya, akipumua. Kisha jicho moja likajipindua ndani, likarudi, upesi kama mtu anayekuambia nyamaza, hii ni siri yetu. Wanja alijikuta akitabasamu bila kujua anamtabasamia nani.

"Huyo namjua," Nasambu akasema. Alikulia karibu na mto Nzoia na katika mambo ya samaki hakuna aliyembishia. "Si unaona ndevu? Huyo ni mumi. Kambare. Bado mtoto, mpe miezi sita atakuwa kama mkono wangu. Anapenda tope na giza. Na asiwekwe na mwingine, mumi hula ndugu zake. Mwache peke yake kabisa, ndio atashukuru."

Basi wakamfanyia heshima ya mumi. Wakamjazia maji ya mfereji, wakamwagia udongo wa bustani ya sukuma, wakalifunika tangi kwa kitambaa cheusi cha kunyolea, wakamwacha na upweke wake. Kila mtu aliona kwamba ametendewa vizuri.

*

Asubuhi ya Jumanne Kogo alikifunua kitambaa, akavuta kiti, akaketi.

Jua la Eldoret asubuhi huja likiwa baridi, jeupe, likipita mlango uliofunguliwa kama mtu wa nyumbani. Liligonga tangi, likaingia majini, likatoka upande wa pili likiwa limelainika, na dari yote ya saluni ikaanza kutetemeka kwa vivuli vya maji. Draya zilikuwa zikivuma kwa sauti moja. Wanja, akigawa nywele za mteja kwa kichana cha mkia, akainua macho, na kwa kitambo kidogo ikamjia kwamba nyumba imezama. Wanawake wenye rola vichwani walikuwa mawe ya mtoni, mazungumzo yao yakipanda juu kama mapovu, na Kogo, kwenye leso yake ya kahawia, alikuwa amekaa chini kabisa ya maji, penye utulivu, akitazamana na kiumbe mwenzake.

"Hajala," Kogo akasema bila kugeuka.

"Mumi hula usiku," Nasambu akajibu.

Jumatano udongo ulikuwa umetua na alikuwa bado hajala. Makombo ya mandazi waliyomtupia yalikuwa yameota ukungu. Samaki alikuwa amejibana kwenye pembe, nyuma ya jiwe, na ndevu zake, Wanja akaona, zilikuwa fupi kuliko juzi, zimelika ncha. Kokoto zilizokuja na tangi kutoka hotelini zilikuwa kali kama vigae.

Hapo ndipo Wanja alipoanza kufanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alianza kufunga mambo mawili kwa uzi mmoja. Akirudi kutoka chumba cha ndani na sahani ya maua, ugali umemegwa mara mbili, alipitia tangini kuangalia makombo. Makombo nayo yalikuwa hayajaguswa. Alijiambia ni upuuzi, samaki ni samaki. Lakini alijua pia kwamba samaki yule akielea juu ya maji kabla ya Jumamosi, Kogo atachukua mkoba wake msumarini akiwa na sura ya mtu aliyepata jibu.

*

"Shida yake ni moja," Kogo akasema Jumatano hiyohiyo, baada ya saa nane. "Hajapewa jina. Mnamwita mumi, mumi. Hiyo ni kama kumwita mtoto 'mtu'."

"Mpe basi, Kogo," Nasambu akasema. "Mwite Jemimah."

"Jina halitolewi. Linatafutwa."

Na akawaeleza, kwa kuwa mle ndani kulikuwa na Wakikuyu, Mluhya, na wasichana wa Kinandi wa siku hizi wasiojua kitu. Kwao mtoto akizaliwa, wamama wazee huketi naye, wakamtajia majina ya watu wa ukoo waliokwisha kwenda. Moja moja, bila haraka. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Mwingine akichelewa hupakwa ugoro kidogo puani, wazee nao wakitaka kwenda nyumbani.

Chini ya draya ya pili alikuwa ameketi Eddah, mwimbaji wa kwaya, asiyekosa ibada hata ya wagonjwa. "Kogo, hayo si mambo ya mapepo?"

"Mimi nilibatizwa kabla mama yako hajaota meno," Kogo akasema. "Pepo siwaiti. Naita jamaa zangu."

Alisogeza kiti. Nje wingu lilikuwa limekalia mji, na mwanga uliobaki ulikuwa wa rangi ya maziwa. Mtu akazima draya, mwingine naye akazima, bila kuambiwa. Wanja hakumbuki nyumba yake kuwahi kunyamaza namna ile ikiwa na watu kumi ndani.

Kogo akaanza. Alianza na Mzee Kigen. Wote walikitazama kile kipembe cha tangi. Samaki hakutikisika. Kogo akaendelea: baba ya Mzee, babu ya Mzee, ndugu aliyepotelea kwa kazi ya reli, shangazi aliyetumia mkono wa kushoto. Majina yalianguka majini moja moja kama matone ya paa. Wanja aliyasikia yakizama. Aliwaona, au alidhani anawaona, watu wa zamani wakipita nyuma ya kioo kwenye maji ya udongo, wakichungulia, wakitikisa kichwa, wakienda zao.

"Tapsubei," Kogo akasema.

Samaki alichomoka. Alipanda wima kutoka chini mpaka juu kama jiwe lililotupwa kinyumenyume, akagusa uso wa maji kwa mdomo, akanyakua hewa, akarudi chini akiacha povu moja linalopanda.

"Huyo amepiga chafya," Nasambu akasema polepole, "ama mimi ndio mgonjwa."

Eddah alishuka kwenye kiti chake, rola na yote, akaja kuangalia karibu.

"Tapsubei ni nani?" wakauliza.

"Mama mkwe wangu," Kogo akasema. Alikuwa amejifuta jicho kwa pembe ya leso, lakini alikuwa akicheka. "Nilipaswa kujua. Mwanamke wa kelele, wa kujaza watu. Kama hakuna mgeni anasimama njiani anashika wapita njia. Hakuweza kula peke yake, huyo. Chakula kinapoa mbele yake mpaka mtu atokee. Ndio maana hali."

Wanja alikuwa amesimama na kichana hewani.

Jina lile alikuwa amelisikia mara moja maishani mwake, hakuuliza ni la nani. Ilikuwa mwezi wa kwanza wa mwaka elfu mbili na nane, fujo za baada ya uchaguzi zikiwaka, akiwa bibi harusi wa miezi mitano, Mkikuyu peke yake katika boma la Ziwa wakati ambapo hilo halikuwa jambo la kutajwa kwa sauti. Kogo alimficha ndani ya ghala la mahindi siku tisa. Watu walipokuja langoni, Kogo aliwaambia humo mna mahindi, na akaketi mlangoni akipukuchua, kuwaonyesha. Kila jioni aliingia na sahani moja, akaketi gizani, na wakala pamoja kwa vidole vilivyogongana. Wanja alimwambia, mama, kula na mzee nyumbani, mimi nitakula tu. Kogo akamjibu kwa mnong'ono, mdomo ukiwa umejaa: "Kwa nyumba ya Tapsubei mtu hali peke yake."

*

Alhamisi Wanja alimchota samaki kwa kikombe, akamtia kwenye mtungi mtupu wa mayonesi, akaufunga na shali kifuani kama mtoto. Kogo alikuwa tayari amevaa viatu.

"Unaenda wapi, Kogo?"

"Unadhani nitamwachia Tapsubei aende mjini na mtu mmoja?"

Tyson alikuwa akiuza samaki wa mapambo kwenye duka jembamba lililo chini ya ngazi za jengo moja nyuma ya soko. Mwembamba, mpole, sauti yake ikiwa ya mtu aliyezoea kutoamsha wanaolala. Ndani ya duka hapakuwa na taa nyingine ila za matangi, na ukiingia ulikuwa kama umejitosa: buluu huku, kijani kule, vitu vyenye mapezi marefu vikipita usoni pako kama mawazo ya mtu mwingine.

"Tumeleta mumi," Wanja akasema.

Tyson aliinua mtungi kwenye mwanga, akaugeuza taratibu. "Nani amewaambia ni mumi?"

"Mtu anayejua samaki."

"Anajua wale wa sufuria." Hakuingiza mkono, alisema mapezi yake yana miiba. Alionyesha kwa kidole nje ya kioo. "Mumi ana ngozi tupu, kama sabuni iliyolowa. Na pezi lake la mgongo linaanzia hapa linafika mpaka kwa mkia. Sasa muone huyu. Pezi fupi, limesimama kama bendera. Halafu nyuma yake kengine kadogo sana. Halafu hii mabati kwa mbavu, mistari miwili. Mumi hana mabati. Ni wa ukoo wa kambare sawa, lakini ukoo wa mbali. Kwao ni Amerika Kusini."

Akavuta chini ya meza rundo la karatasi zilizochakaa, zenye picha, kila moja imepakwa nailoni. Akaanza kuzishika kando ya mtungi moja moja, akitaja majina. Yule wa shaba, hapana, huyu hana ung'aro. Yule wa panda, hapana, angekuwa na kiraka jichoni. Yule wa mistari, hapana. Kogo alikuwa amesogea, anatikisa kichwa kwa kila jina kama mzee aliyekaa kwenye uzazi. Wanja aliliona jambo hilo.

"Huyu hapa," Tyson akasema. "Madoa kama pilipili manga iliyosagwa. Kori. Vitabu vinamwita Corydoras paleatus. Mko na bahati, huyu anatoka upande wao wa baridi, Argentina huko. Hata hita hataki. Eldoret atasema ni kwao."

"Anapanda juu kupumua," Wanja akasema. "Tena anakonyeza."

"Wote hufanya hivyo. Hewa anameza, inamsaidia maji yakiwa mabaya. Na jicho linajizungusha tu." Akauweka mtungi chini. "Wenzake wako wapi?"

"Wenzake gani?"

"Anaishi na wangapi?"

Wanja akauangalia mtungi. "Tulimweka peke yake. Tukafunika na kitambaa. Tuliambiwa ndio anapenda."

Tyson aliwatazama kwa huruma ya daktari. "Mathe, kori hakai peke yake. Sita kwenda juu. Kwao wanatembea kama mkutano. Ukimweka mmoja hatapigana, hatasumbua. Atajificha, ataacha kula, halafu siku moja utapata ameenda. Watu wanasema alikuwa mtulivu. Hakuwa mtulivu, alikuwa anakufa."

"Nilisema," Kogo akasema.

"Ulisema nini, shosh?"

"Tapsubei hawezi kula peke yake."

"Tapsubei ni nani?"

"Huyu."

Tyson akaangalia karatasi yake. "Hapa wameandika paleatus."

"Hilo ni jina la shule," Kogo akasema.

Tyson alicheka mpaka akashika ngazi. Lakini Wanja hakucheka. Alikuwa mbele ya kioo chenye mwanga wa kijani, na ndani yake alikuwa anaona sahani yenye maua. Aliona mkono wake mwenyewe ukivuta mlango, taratibu, kwa adabu nyingi, miezi miwili, kila saa sita, na nyuma ya mlango mtu mmoja mezani.

Tyson alikuwa akiendelea: maji yalale kwenye ndoo siku moja kabla ya kumwagwa, chumvi asitiwe kamwe, chakula kiwe cha kuzama. Na kokoto zile zitolewe. "Anaonja dunia kwa ndevu. Zikilika, ni kama umemfunga mtu macho ukampeleka soko. Mtafutie mchanga laini."

"Mchanga uko kwetu," Kogo akasema. "Kijito cha chini ya shamba. Nikienda Jumamosi."

Wanja akaitikia kwa kichwa. Kusikia neno "nikienda" kulimchoma, na hakuwa na pa kulishika.

Waliondoka na wengine watano kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa hewa nyingi. Kogo aliubeba mwenyewe, mikono miwili, barabara nzima.

*

Jioni ile, katika maji ya ndoo yaliyokuwa yamelala tangu jana kwa kuoshea vichwa na tangi lisilo na kokoto, wale watano walitua chini, wakaduwaa, kisha wakaanza kutafuta. Walitafuta wakiwa safu, vichwa chini, kama akina mama wakipalilia mstari mmoja. Walifika kwenye jiwe. Tapsubei alikuwa nyuma yake. Hakuna aliyeona hasa ilivyotokea. Waliingia watano wakatoka sita.

"Sasa yule ni nani kati yao?" Nasambu akauliza, akitafuta pa kuficha aibu ya mumi wake.

"Yule anayeongea," Kogo akasema.

Kesho yake saa sita, Wanja hakuitoa sahani yenye maua. Alipika ugali wa sinia moja, sukuma na maziwa, akasukuma kando chupa za mafuta, akaweka sinia kwenye stuli katikati ya saluni, chini ya draya, nywele zilizokatwa zikiwa bado sakafuni. Nasambu alimkazia macho. Mkwe huandaliwa hivi?

"Kogo, karibu," Wanja akasema. "Wako wengi, sina sahani za kutosha."

Uongo wa mchana, kabati lilikuwa limejaa sahani. Kogo alitazama sinia. Akamtazama Wanja, muda mrefu, kwa macho ya mtu anayeketi mlangoni akipukuchua mahindi. Kisha akavuta kiti chake kutoka tangini, akanawa, akamega. Mikono mitano ikagongana kwenye sukuma. Eddah, aliyekuja tu kurekebishwa pembeni, alikuwa na habari za mchungaji fulani na gari fulani, na Kogo alimkatiza mara tatu kuuliza gari lilikuwa la rangi gani. Hakuna aliyehesabu matonge. Wanja alijaribu, akapoteza hesabu.

Hata hivyo, Jumamosi alfajiri, alipoamka kumfungia chakula cha safari, msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu. Kogo alikuwa ameshaketi ndani ya pikapu, mkoba wake wote magotini, zipu imefungwa. Biblia pia ilikuwa imekwenda.

"Kaa vizuri, mtoto wangu," akasema dirishani. "Usiwape mandazi."

Siku ile ilikwenda kama ndoto ya mchana, ile ambayo unasikia kila kitu lakini huwezi kuinua mkono. Wateja walijaa. Wanja alisuka kichwa kizima bila kujua kilikuwa cha nani. Samaki walilala wamepumzika wote sita kwenye kioo kitupu cha chini, wakipumua pamoja, na kila gari lililopita njiani liliwatetemesha kidogo wao na yeye. Saa tisa ikanyesha mvua ya kwanza, matone makubwa juu ya mabati. Wanasema ukiona mvua ya kupanda, mkulima hatoki shambani.

Saa kumi na nusu pikapu ikasimama.

Kipyego alishuka peke yake, amelowa, akashusha gunia la mchanga akaliweka barazani. Wanja alibaki mlangoni na uzi wa nywele vidoleni. Kipyego akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, na Kogo akashuka polepole kwa sababu mikono yake haikuwa huru. Mkoba ulikuwa begani. Mikononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa leso, na alikibeba kama vile alivyoubeba ule mfuko wa samaki.

"Shamba nimempa jirani Kiptanui alime tugawane," akasema akipita, kama anayejibu swali la mwingine. "Ng'ombe pia. Mchanga huo uoshwe mara saba, una majani."

Aliweka kikapu kitini mwake, kando ya tangi, akatoa leso. Vibuyu vitano vililala humo, vyeusi, vinang'aa, vikinuka moshi wa Ziwa. Akakichukua kimoja, akazungusha macho ukutani: picha za mitindo ya nywele, kalenda, kioo, ndoano ya wigi.

"Sasa hapa mnatundika wapi?" akauliza.

Wanja akaonyesha kwa kidole, pale juu ya maji, mwanga ulipokuwa ukicheza ukutani.

"Nasambu," akasema. "Lete nyundo."